Kengele Isiyosikika

Kila siku ya likizo nyumbani kwa shangazi ilianza namna moja: mimi nafagia, yeye anapiga pasi koti lake la kazi huku nikimmiminia maswali. "Wewe Bi Maswali," alikuwa akinitania, "siku moja ulimi wako nao utaomba likizo." Shangazi ni mhandisi. Kwa miaka kumi na tisa ametengeneza vyombo ambavyo jeshi hutumia kuwafundishia marubani, na kazi yake hasa ni kuhakikisha kwamba binadamu na mashine wanaelewana. Nilimwomba anipeleke kazini mpaka akachoka kukataa.

"Macho yatazame, mikono ikae mfukoni," alinionya mlangoni.

Jamani! Katikati ya ukumbi palikuwa na kichwa cha helikopta kisicho na mkia wala mapangaboi ya juu, kimesimama juu ya miguu sita ya chuma. Shangazi alinipandisha ndani, akabonyeza swichi, na ukuta wa mbele ukageuka mbingu. Mawingu yakapita, milima ikainama, ilhali hatukuwa tumeondoka hata shubiri moja. Nilijiona mdogo sana, na furaha ikanijaa hadi machozi yakanilengalenga.

Shangazi akatoka kuzungumza na mkufunzi, mwanajeshi mrefu mwenye sauti ya radi. Nikabaki peke yangu, na mikono ikasahau mfuko. Pembeni ya kiti kulikuwa na kitufe kidogo cha kuzungusha. Nikakizungusha kushoto hadi mwisho. Sikuona badiliko lolote, nikashuka, nikaenda kukaa na shangazi nyuma ya kioo, kwenye chumba cha kuongozea mitambo.

Aliyeingia baada yangu alikuwa rubani mwanafunzi, dada mmoja kijana aliyenipungia mkono, kisha akavaa vipokea sauti masikioni.

"Ameshafeli mtihani huu mara moja," mkufunzi alisema. "Leo akifeli tena, anafungasha virago."

Dada yule alirusha vizuri mno. Ndipo shangazi, kama mtihani unavyotaka, akaleta hitilafu ya kuigiza: injini ikapata joto. Taa ndogo nyekundu ikawaka karibu na goti la rubani, lakini yeye alikuwa anatazama mlima mbele yake, hakuiona. Injini ikazimika. Helikopta ikaanguka, na ukuta wote ukawa mweusi.

"Kompyuta inaonyesha kengele ya hatari imelia masikioni mwake!" mkufunzi akanguruma. "Au masikio yale ni ya kutundikia herini tu?"

"Sikusikia kengele yoyote, afande," dada yule alijibu akishuka.

"Kila anayeanguka husema hivyo."

Nilielewa papo hapo: ni kile kitufe. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nikisema, nitamwaibisha shangazi mbele ya wanajeshi. Dada yule alikuwa anavua glavu zake taratibu, kidole kimoja kimoja. Sikuweza kuvumilia.

"Afande, ni mimi," nilisema, sauti ikitoka nyembamba. "Nilizungusha kitufe cha pembeni ya kiti."

Shangazi akaenda kutazama, akarudi. "Kweli. Sauti ya kengele imeshushwa hadi mwisho."

Mkufunzi alishusha pumzi. "Basi tuandike kwenye ripoti kwamba mtoto alichezea chombo, yaishe."

"Hapana," shangazi akasema. "Andika na jina langu. Nilimwacha peke yake, na ni mimi niliyekiweka kitufe hicho pale, kama kilivyo kwenye helikopta yenyewe. Hata goti la rubani lingeweza kukigeuza angani. Kengele ya hatari haipaswi kunyamazishwa kirahisi hivyo."

"Mhandisi, miaka kumi na tisa bila doa, unataka kujichafua mwenyewe?"

"Doa hufuliwa, afande. Aliyekufa hafufuliwi."

Nilimtazama shangazi nikiwa nimeduwaa. Ile mbingu ya ukutani ilinishangaza, lakini yeye alinishangaza zaidi.

Mtihani ulirudiwa mchana. Safari hii kengele ilipolia, dada yule alipunguza nguvu ya injini, akatafuta uwanda, akatua polepole. Mkufunzi alipiga makofi, akasahau kabisa kunguruma. Dada alikuja akanishika mkono. "Asante, mdogo wangu," alisema, nami nikashindwa kujizuia, nikalia.

Tulipobaki wawili, shangazi alivuta kiti karibu nami.

"Usidhani nimefurahi. Nilikukanya, hukusikia. Lakini shika hili, mwanangu: mashine haina haya wala dhamiri, inatii mkono wowote unaoigusa. Dhamiri inatakiwa iwe kwetu sisi, tunaoiunda na tunaoitumia. Kosa likisemwa mapema hurekebishwa. Likifichwa, hukaa pale pale likimngoja mtu wa kumuua."

Kisha akafungua ripoti, akanipa kalamu. Chini ya jina lake, kwa mkono wangu mwenyewe, nikaandika nilichofanya.