Siku Tisini za Kibao

"Dada, una umeme?"

Efrazia hakuinua kichwa. Alikuwa anamkwangulia vocha bibi mmoja aliyeshuka kwenye basi la Haydom, na bibi mwenyewe ameinamia dirisha la kibanda kama anayeogopa namba zisije zikafutika zote. Stendi ya Mbulu ilikuwa imejaa Jumamosi ile. Ukungu ulikuwa haujaondoka, wapiga debe wanaita Dongobesh, pikipiki zinapenya katikati ya magunia ya vitunguu swaumu.

"Umeme upo," alisema. "Simu iko wapi?"

"Si simu. Ni hiki."

Kilichowekwa mbele yake kilikuwa kibao cha kijani, kikubwa kama nusu ya daftari, kimejaa vitu vidogo vidogo vya kumeta na pini zimesimama kama meno ya kitana. Hapo ndipo Efrazia alipotazama mtu. Kijana mrefu, mwembamba, koti la jinzi limepauka mabegani, mfukoni unaning'inia waya mweusi. Kijana naye aliona msichana mwenye sweta la rangi ya chungwa na kitenge cha buluu, nywele kazifunga kwa kamba ya chaja iliyokatika, akasahau kidogo alichokuja kusema.

"Ni bomu?" Efrazia aliuliza.

"Ingekuwa bomu ningeomba umeme kwa adui. Ni modemu. Ile chipu pale katikati ni simu isiyo na kioo wala spika. Inatuma meseji yenyewe. Tukimaliza kuijaribu tutaifunga kwenye matangi ya maji, Bashay na kwingine, itoe taarifa maji yakipungua, mlinzi wa pampu asipande mlima kila asubuhi."

"Na wewe ni nani?"

"Gidamis. Mtu wa Katesh, ila kazi nafanya Arusha."

"Mtu wa Katesh! Nyinyi wafugaji, ng'ombe umemwachia nani?"

"Nimewaambia wakinihitaji wanitumie meseji."

Efrazia alicheka kabla hajataka kucheka. Akamfungulia mlango.

Ndani ya kibanda mlikuwa na rafu ya simu zinazochajiwa, kila moja na karatasi ya jina la mwenyewe, betri ya gari sakafuni, na sola juu ya bati. Gidamis aliweka kompyuta yake ndogo juu ya kreti la soda. Alichomeka antena kwanza.

"Bila antena usiiwashe kabisa," alisema. "Inaumia."

Kisha laini ya kampuni kwenye kitundu chake, kisha waya wa kompyuta, kisha kikofia cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi alichokivika pini mbili ziungane, mwisho adapta ukutani. Taa ya kijani ikawaka. Akaandika herufi mbili, A na T. Kioo kikajibu: OK.

"Imekuambia nini?"

"Nimeiuliza kama ipo. Imesema ipo."

Halafu taa ikazima. Ikawaka yenyewe, ikakaa kidogo, ikazima tena. Gidamis alibadili kikofia, akabadili waya, akasoma makaratasi mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Efrazia aliendelea kuhudumia wateja, lakini jicho lake lilikuwa kwenye taa. Alikuwa msichana wa kutazama. Darasa la saba alimaliza, shule ikaishia hapo, na mengi aliyoyajua baada ya hapo aliyapata kwa kutazama.

"Kaka Gidamis," alisema baada ya nusu saa. "Haizimi ovyo. Inazima kila inapotafuta mtandao."

"Umejuaje?"

"Spika ya redio yangu inakoroma simu yoyote ikianza kupiga. Hapa inakoroma, ndipo taa inazima. Simu yenye betri iliyochoka inafanya hivyohivyo. Ukiangalia saa, nzima. Ukipiga, inakata. Hiyo adapta yako ni ndogo. Kibao kinakubali betri ya gari?"

Gidamis alifungua tena makaratasi, akapitisha kidole. "Volti kumi na mbili. Kinakubali."

Walikiunga kwenye betri. Redio ikakoroma, taa ikabaki palepale, ikaanza kupepesa taratibu kama mtu mwenye usingizi. Gidamis alikunja makaratasi yake.

"Wamenisomesha miaka mitatu," alisema.

"Wangenileta mimi siku moja," alijibu, akageuka kumpa mtu simu yake.

Gidamis alitakiwa kukaa Mbulu siku mbili. Alikaa wiki tatu. Kila asubuhi alikuja kibandani na kompyuta yake na mandazi mawili, moja akalila kabla hajafika. Alimfundisha kila taa na maana yake. Jioni akifika alikolala humtumia meseji ya herufi mbili tu: AT. Efrazia hujibu: OK. Marieta, mama wa chai wa kibanda cha jirani, alizisoma siku moja akasikitika kabisa.

"Ndiyo mapenzi ya siku hizi haya? Hata neno mpenzi halimo?"

"Limo humohumo, mama Marieta."

Siku ya kuondoka, Gidamis alikifunga kibao kwenye rafu ya dirishani, antena ikitazama mnara.

"Kila saa kitanitumia taarifa kwenye simu yangu. Kampuni wanataka siku tisini bila kuzima. Kikikosa taarifa mbili mfululizo, wanaanza upya kuhesabu, na mkataba wangu hautoshi kuanza upya. Nikifaulu naajiriwa moja kwa moja. Nikishaajiriwa…"

"Ukishaajiriwa?"

"Nitakuja na mjomba wangu kwa wazee wako. Kama utakubali."

"Uliza ukishaajiriwa," Efrazia alisema. Lakini mkono wake haukutoka kwenye mkono wa Gidamis mpaka kondakta alipoita mara ya tatu.

Mwezi wa kwanza walizungumza kila siku. Baadaye Gidamis alipelekwa Sumbawanga kusimamia kazi nyingine. Kabla hajasafiri alihamisha taarifa za kibao zisije tena kwenye simu yake, ziende kwenye kompyuta ya ofisi. Aliona ni jambo dogo, hakumwambia Efrazia. Kama angemwambia, hadithi hii ingeishia kanisani.

Ulikuwa mwaka 2010, mwaka wa kusajili laini. Isiyosajiliwa ilifungiwa, na kampuni ilikuwa haijasajili ile ya kibao. Asubuhi moja ya Julai Efrazia alifungua kibanda akakuta taa imebadilika, inapepesa mbio mbio badala ya taratibu. Hakuna mtandao. Taarifa moja ilikuwa imeshapotea. Ya pili ilibaki dakika kumi.

Hakufikiri. Alifungua simu yake, akatoa laini yake mwenyewe, iliyosajiliwa, akaichomeka kwenye kibao, akawasha. Taa ikatulia. Saa ilipofika redio ikakoroma: taarifa imekwenda. Efrazia alikaa kwenye kreti, anacheka peke yake.

Ndipo alipokumbuka kwamba namba ya Gidamis ilikuwa ndani ya laini ile. Kichwani hakuwa nayo.

"Si uitoe uandike namba!" Marieta alimwambia. "Dakika moja tu!"

"Na ikigoma kushika mtandao tena? Alisema isizime. Halafu, mama Marieta, ninahangaika nini? Kila saa kibao kinamtumia taarifa, na sasa kinamtumia kwa namba yangu. Mara ishirini na nne kwa siku anaona namba yangu. Ataelewa. Atanitafuta."

Alinunua laini mpya. Kila wiki aliirushia salio ile ya kibao, akawa kama mtu anayejitumia mwenyewe. Akasubiri.

Gidamis alikuwa mlimani nje ya Sumbawanga, mahali mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu. Alipanda jiwe akaandika: AT. Simu ikamwambia imepokelewa. Hakuna jibu. Akapiga. Ikaita, ikaita, ikakatika. Kwenye dirisha la Mbulu redio ilikoroma, na Efrazia akadhani ni taarifa ya saa, akatabasamu.

Agosti, Xavery, mwalimu wa Dongobesh, mtu wa heshima na suruali iliyopigwa pasi, alileta barua ya posa kwa wazee. Mama yake Efrazia alimsihi.

"Huyo wa Arusha amekwambia nini mwezi huu?"

"Yuko kazini, mama."

"Kazini hakuna simu? Na anatengeneza simu?"

Efrazia aliirudisha barua. Mama hakumsemesha siku nne.

Siku ya tisini ilifika katikati ya Septemba. Efrazia alivaa gauni lake la kanisani, la kijani lenye kola nyeupe, akafungua kibanda mapema kuliko siku zote. Jioni alinyoosha mkono atoe laini apige. Mkono ukasimama hewani. Mtu anayepata namba yangu kila saa, alijiambia, miezi miwili, asinirudishie hata herufi mbili: nimpigie nimwambie nini? Akaurudisha mkono. Hata hivyo kibao hakukizima. Alisema atakizima mwenye nacho akija.

Aliyekuja, Januari, alikuwa Adamu wa ofisini, kijana mchangamfu mwenye begi la bisibisi.

"Dada, hongera! Siku tisini tulitaka, wewe umetupa zaidi ya mia mbili. Mwenzangu Gidamis amepata kazi kwa ajili ya hiki kitu. Ila mbona alibadilisha laini katikati bila kuandika popote?"

"Hakubadilisha yeye," Efrazia alisema polepole. "Taarifa zilikuwa zinakwenda kwake. Hakuona?"

"Kwake? Toka Julai zinakuja ofisini."

Adamu alichomoa laini akamwekea kiganjani. Efrazia hakusikia tena alichosema. Aliichomeka kwenye simu yake ya tochi, na simu ikatetemeka: kumbukumbu ya laini imejaa, futa meseji.

Zilikuwa ishirini. Kibao kilizipokea zote na kunyamaza.

AT.

AT? Leo umeshindwa hata OK?

Nimepanda jiwe saa nzima. Ukinikasirikia niambie kosa.

Nimesikia una mgeni wa Dongobesh. Niambie mwenyewe, Efra, nisisikie kwa watu.

Ya ishirini ilisema: Nimeajiriwa. Nilisema nitauliza, sasa nauliza. Mjomba yuko tayari. Nijibu neno moja tu, hata likiwa hapana.

Ilikuwa ya tarehe ishirini Septemba. Marieta alimkuta amekaa chini kati ya betri na kreti, simu kaishika kwa mikono miwili kama kikombe. Alimfungia dirisha, akawaambia wateja waje kesho.

Efrazia alipiga jioni ileile.

"Haloo?"

"Gida. Ni mimi. Meseji zako nimezisoma leo."

Nyuma ya Gidamis ng'ombe walikuwa wanalia. Alikuwa nyumbani Katesh.

"Leo?" alisema Gidamis. "Unasema leo?"

Kesho yake alishuka stendi ya Mbulu, koti lilelile la jinzi. Walikaa ndani ya kibanda, rafu ya dirishani iko wazi. Efrazia alimweleza yote kuanzia ile taa ya Julai. Gidamis aliposikia laini ilikuwa wapi, alijishika kichwa.

"Nilizituma taarifa ofisini nisikuambie. Kitu cha kubonyeza mara mbili."

"Na mimi ningeitoa dakika moja. Nilikuwa na siku nyingi za kuitoa."

"Nilikuja, Efra."

"Ulikuja wapi?"

"Hapa. Oktoba. Nilisimama pale kwenye basi la Haydom, nikakuandikia kwamba nipo stendi. Haikupokelewa. Ndiyo ya kwanza kugoma. Nikadhani umeitupa laini."

"Ilikuwa imejaa," Efrazia alinong'ona.

"Niliona taa ya kijani dirishani. Nikasema, kazi yangu ameitunza, mimi hanitaki. Nikapanda basi nikarudi."

Hatua thelathini, kutoka basi mpaka kibanda. Efrazia alizitazama kutoka dirishani, zimejaa watu na magunia.

"Uliza sasa," alisema.

Gidamis aliinama. "Novemba nilipeleka barua. Sumbawanga. Imejibiwa." Halafu akainua uso haraka. "Lakini naweza kuirudisha. Nitakwenda mwenyewe niseme. Wataelewa."

"Anaitwa nani?"

"Judica."

"Ana namba yako?"

"Anayo."

"Unampigia?"

"Kila jioni. Ananisubiri saa mbili."

Efrazia alijua saa mbili ya mtu anayesubiri ilivyo. Alijua jinsi masikio yanavyokaa, jinsi kila mkoromo wa redio unavyokuwa habari njema.

"Basi usimpitishe saa mbili," alisema. "Mimi nimeonja, Gida. Sitaki nimwonjeshe mwingine."

Gidamis alimsihi. Alimwita mpenzi, alimwita mama, alimkumbusha siku ya adapta mpaka Efrazia akacheka na machozi yakitoka. Lakini neno lake halikugeuka. Alimsindikiza mpaka kwenye basi, sweta la chungwa amelifunga mpaka shingoni.

Gidamis alitoa kichwa dirishani, injini inanguruma.

"Nikifika nitakuandikia."

"Haitaingia," Efrazia alisema. "Laini imejaa."

"Si ufute moja tu."

"Ipi?"

Basi liliondoka. Gidamis alibaki na kichwa nje ya dirisha mpaka lilipokata kona.