Macho ya Mama Pacha

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kutazama chupa. Hakuzijaza wala hakuziosha. Alizitazama tu. Alikaa kwenye kiti kirefu katika kiwanda cha vioo, mbele ya mkanda uliosogea polepole. Nyuma ya mkanda palikuwa na mwanga mweupe. Chupa tupu zilipita mbele ya mwanga huo, moja baada ya nyingine, kimya kimya. Yenye ufa aliitoa. Yenye povu, kiputo kidogo cha hewa ndani ya kioo, aliitoa. Zilizobaki aliziacha ziende zake.

Kila baada ya nusu saa mwenzake alimpokea, naye akaenda kupumzisha macho. Lakini chupa hazikumwacha. Akifumba macho, anaziona zinapita. Akikaa nyumbani na kumtazama mumewe akila, mara nyingine humwona kama ana mwanga mweupe mgongoni.

"Unanitazama nini?" mumewe aliuliza siku moja.

"Natafuta ufa."

"Umeupata?"

"Uko masikioni. Tangu juzi nakwambia ulete sabuni."

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa kinyozi. Kibanda chake kilikuwa na kioo kimoja na kiti kimoja, karibu na lango la kiwanda. Watoto wao walikuwa pacha wa kike wa miaka tisa. Majirani waliwaita Wa Kwanza na Wa Pili, ingawa walipishana dakika chache tu. Wote wanne waliishi katika vyumba viwili vya kupanga, na maisha yalikwenda.

Siku moja msimamizi wa kiwanda aliwakusanya wakaguzi wote. Aliwaambia kwamba wenye soda wanahamia chupa za plastiki. Kuanzia mwezi unaofuata, kila mkaguzi angefanya kazi siku tatu kwa wiki badala ya sita.

"Hakuna anayefukuzwa," alisema.

Watu walianza kupiga makofi. Kisha wakaacha, kwa sababu wote walijua siku tatu maana yake ni nusu ya mshahara.

Jumanne ya kwanza bila kazi, Mama Pacha alibaki nyumbani peke yake. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuiona nyumba yake saa nne asubuhi siku ya kazi. Jua liliingia dirishani, likatambaa sakafuni, likapanda kitandani, likapita juu ya mito, halafu likatoka. Vumbi laini lilielea ndani ya ule mwanga. Alikaa akilitazama, mikono mapajani, kama mgeni aliyeambiwa asubiri wenyewe warudi. Alishtuka pacha waliporudi kutoka shule. Hakuwa amepika wala kufagia.

Mwezi ulipita, na mambo yakaanza kubana. Wateja wengi wa Baba Pacha walikuwa watu wa kiwandani. Nao walianza kuacha nywele zirefuke.

Ndipo shangazi wa watoto, dada yake Baba Pacha, alipotoa wazo. Aliishi mji mwingine na hakuwa na mtoto. Alisema kwenye simu, kwa moyo mweupe kabisa:

"Nipeni mmoja nikae naye mpaka mambo yatengemae. Nitakuja shule zikifungwa."

Shule zilikuwa zifungwe baada ya wiki sita.

"Tumpe yupi?" Baba Pacha aliuliza walipobaki wawili.

Mama Pacha alitazama uani. Pacha walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mkeka, wakiandika kazi ya shule. Mkono wake ulizoea kutoa chupa moja kati ya elfu bila hata kufikiri. Sasa ulikuwa mzito kama jiwe.

"Sijui," alisema. "Usiniulize tena leo."

Hawakuwaambia watoto kitu. Lakini watoto wana masikio. Kesho yake Wa Pili alimfuata mama yake jikoni. Alisimama mlangoni akikunja pindo la gauni lake.

"Mama, kati yetu, nani ana kasoro?"

"Kasoro gani?"

"Wewe kazini unatoa yenye kasoro. Sasa shangazi atapewa nani?"

Mama Pacha aliweka mwiko chini. Alimvuta mtoto, akamkumbatia mpaka chakula kikashika chini ya sufuria. Siku hiyo aliamua kutafuta kazi nyingine.

Alianza kwa njia aliyoijua. Kiwandani kila kitu kilikuwa kwa wingi, na kila chupa ilifanana na nyingine. Akaandika barua moja fupi: *Naomba kazi yoyote itakayopatikana.* Pa kuandika jina la ofisi aliacha wazi. Kisha akaenda kutoa nakala thelathini. Aliamini kwamba katika thelathini haikosi moja itakayojibiwa. Akazunguka mjini wiki mbili akizigawa. Hakuna aliyejibu. Ndoto zake nazo zilibadilika. Badala ya chupa, zilipita bahasha mbele ya mwanga, zote nyeupe, zote hazina kitu ndani.

Mlango wa pili kutoka kwao aliishi jirani mmoja mstaafu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika ofisi ya kampuni kubwa, akifungua barua za waombaji kazi. Kwa hiyo watu walimwita Mama Faili. Mama Pacha alikwenda kwake na nakala iliyobaki.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Kaa. Mbona umepauka hivyo?"

Mama Pacha alimweleza yote, hata habari ya shangazi. Mama Faili alivaa miwani yake, akasoma barua. Haikumchukua muda.

"Nikwambie ukweli?"

"Niambie, mama."

"Barua za 'kazi yoyote' tulikuwa tunaziweka kwenye sanduku moja. Likajaa, tukaleta la pili. Hakuna aliyelifungua. Siyo roho mbaya. Mwenye kazi ana shida yake, anatafuta mtu wa kuimaliza. Wewe hujamwambia unaweza nini. Atajuaje?"

"Sina ninachoweza. Mimi natazama tu."

"Unatazama nini?"

"Vitu vidogo vidogo. Kama hilo povu kwenye miwani yako."

Mama Faili aliigusa miwani. "Povu gani?"

"Kioo cha kulia, juu kidogo ya katikati. Si mkwaruzo, limo ndani ya kioo chenyewe."

Mama Faili aliivua miwani, akaishika kuelekea dirishani. Aliigeuza huku na huku. Kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mwaka mzima nasugua miwani hii! Nilidhani jicho langu ndilo linakufa. Nilishaanza kuwaaga watu. Wewe umekaa hapa dakika kumi, unaniambia hujui kitu?"

Mama Pacha naye alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kazi ipungue.

Mama Faili alichukua kalamu. "Haya. Usiniambie unatafuta nini. Niambie unafanya nini kazini, hatua kwa hatua."

Walikaa mpaka jioni. Kila Mama Pacha aliposema jambo, Mama Faili aliliandika. Anatambua ufa na povu. Anakaa kwenye kazi ya macho siku nzima bila kusinzia. Anamfundisha mkaguzi mpya. Anajaza daftari la kasoro kila zamu. Mama Pacha aliitazama ile karatasi kama inamhusu mtu mwingine, mtu ambaye angependa kumjua.

"Sasa fikiri," alisema Mama Faili. "Nani mwingine mjini anahitaji macho kama haya?"

Walifikiri pamoja. Wanaopakia dawa kwenye chupa. Wanaochapa vitabu. Na ile karakana iliyotengeneza miwani ya Mama Faili.

"Hao wanakuhitaji kuliko wote," alisema, akiifuta miwani kwa mazoea. "Andika barua tatu, siyo thelathini. Kila moja iseme kazi unayoitaka na unachoweza kuifanyia kazi hiyo. Muombe msimamizi wako barua ya kukuelezea, sasa hivi wakati bado uko kwake. Na kazi ya siku tatu usiiache mpaka uwe umetia saini kwingine."

"Kuna mtu pale langoni," alisema Mama Pacha taratibu. "Anasema nikimpa ada kidogo ataniingiza kiwanda cha sabuni. Baba Pacha anataka tuuze redio."

"Redio ibaki ikuimbie. Kazi ya kweli haikuombi pesa kabla ya kuanza. Ukiona anayedai ada, jua anachotafuta ni ada. Na nyumbani je? Mmekaa na watoto mkawaambia?"

"Hapana."

"Waambieni. Mtoto asipoambiwa atajitungia mwenyewe, na atakachotunga kitakuwa kibaya zaidi."

Jioni ile wanne walikaa kwenye mkeka. Baba Pacha alisema waziwazi kwamba pesa imepungua, na kwamba kosa si la mtu yeyote pale. Waliandika yasiyoweza kungoja: chakula, kodi, shule. Mengine waliyasogeza mbele. Wa Kwanza alijitolea kuacha biskuti, halafu akaahidi hivyo kwa niaba ya mwenzake pia, wakabishana kidogo. Asubuhi Baba Pacha alikwenda kwa mwenye nyumba kabla siku ya kodi haijafika. Aliomba alipe mara mbili kwa mwezi badala ya mara moja. Mwenye nyumba alikuna kichwa, akakubali. Alisema wengi humkimbia. Huyu amekuja mwenyewe. Baba Pacha pia alianza kubeba mashine yake, akaenda kuwanyoa wazee wasioweza kutembea, majumbani mwao.

Habari ya shangazi ilibaki pale pale. Shule zilikuwa zimebakiza wiki mbili kufungwa.

Kiwanda cha dawa hakikujibu. Mwenye kuchapa vitabu alijibu kwa heshima kwamba hana nafasi. Karakana ya miwani ilimwita.

Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya maji na unga wa kusugulia. Vioo vidogo vya duara vilipangwa kwenye vitambaa, na kila kimoja kilibeba taswira ya dirisha ndani yake. Mama Pacha alihisi kama ameingia katika moja ya ndoto zake, ila safari hii alikuwa macho. Mkuu wa karakana, mwanamke mwembamba mwenye koti jeupe, alimwekea sinia la vioo hamsini.

"Humu mna vinne vibovu. Nitolee."

"Naomba taa iwe nyuma, siyo juu," alisema Mama Pacha.

Mkuu alimtazama, akaisogeza taa.

Mama Pacha alitoa cha kwanza. Akatoa cha pili na cha tatu. Akafika mwisho. Akarudia vyote, polepole. Jasho lilimtoka mgongoni. Akarudia tena.

"Ni vitatu," alisema.

"Nimekwambia vinne."

Mama Pacha aliwaza siku zilizobaki kabla shangazi hajaja. Ingekuwa rahisi kuchukua kimoja tu, chochote, ili hesabu itimie. Nani angejua? Akakumbuka yule mtoto mlangoni mwa jiko akikunja pindo la gauni.

"Vilivyobaki ni vizima," alisema. "Siwezi kutoa kizima kwa sababu tu mtu ameniambia lazima nitoe kimoja."

Mkuu alivuta sinia kwake.

"Ni vitatu kweli," alisema. "Kila mtu namwambia vinne. Wiki hii wamekuja saba. Wote saba waliniletea vinne."

Mama Pacha alianza kazi pale kwa siku tatu kwa wiki, zile siku ambazo kiwanda kilimwacha nyumbani. Karatasi ya mkataba aliisoma na Mama Faili mstari kwa mstari kabla ya kutia saini. Mwezi wa tatu karakana ilimpa wiki nzima, naye akaaga kiwandani vizuri, kwa barua.

Lakini shule zilikuwa zimefungwa kabla ya hapo, na shangazi alikuwa amekuja kama alivyoahidi. Alikula, akaosha miguu yake, akawapima pacha urefu mlangoni.

"Haya, wifi," alimwambia Mama Pacha. "Naondoka na nani?"

"Unaondoka peke yako, wifi yangu, na asante zetu zote. Tutabanana hapa hapa."

Shangazi alitabasamu, ingawa macho yake yalikuwa na huzuni kidogo. "Basi nipeni wa kunisindikiza kituoni," alisema.

Pacha wote wawili waliruka. Walishika kikapu kila mmoja upande wake, wakatoka na shangazi katikati. Mama Pacha alisimama mlangoni. Mtaa ulikuwa umejaa mwanga wa alasiri, watu wakipita ndani yake mmoja mmoja. Alibaki pale akingoja, wala hakuona haraka. Mwishowe aliwaona pale kwenye kona, wanagombania kitu, wanacheka, wanarudi wawili.