Mnoa Misumeno

Unga wa mbao ulianza kuonekana chini ya mlango wa chumba cha wageni, na kila Chibalonza alipoufagia, ulirudi kabla hajaweka ufagio. Mumewe, Bisimwa, alisema ni mchwa. Alifanya kazi ya usiku kwenye ghala na mchana alilala. Kwake kila kitu kilikuwa mchwa, mradi aachwe alale.

Lakini mchwa hawakohoi.

Chanzo kilikuwa adabu ya Bisimwa. Kanisa lao la mtaa wa St Marys lilikuwa limekwenda kuomba msituni, mbali kaskazini, palipokuwa na mji wa kiwanda cha kupasua mbao. Kibao cha pale kilieleza kila kitu: nyumba, shule, ukumbi wa dansi, kisha miti ikaisha, watu wakang'oa hata mabati wakaondoka. Alibaki mzee mmoja, mnoa misumeno, akafa akingoja magogo. Bisimwa alikuwa anakula ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kando ya matofali yaliyobaki alipomwona mzee amesimama kati ya miti. Kwao huwezi kula mtu akapita bila kumkaribisha.

"Karibu, papa," alisema, akamsogezea sahani.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Bisimwa aligeuka kuchukua maji. Aliporudisha uso, sahani ilikuwa tupu na mzee hayupo.

Nyumbani kwanza ilikuja harufu ya mti mbichi. Kisha tupa ikaanza kulia juu ya chuma, mchana kweupe.

"Bisimwa, yee iko mule ndani," Chibalonza alinong'ona. "Ananoa kitu."

"Niache nilale! Kesho agent wa nyumba anakuja kukagua, inspection. Akikuta mbao zimelika, tuko nje."

"Miaka yote ile kambi ya wakimbizi, tukapata nyumba moja. Na wewe unakaribisha shetani kwa sombe yangu!"

Asubuhi walimwita Mama Honorine wa mtaa wa Quakers Hill, mwombeaji wa kanisa. Aliomba mpaka sauti ikakauka, akatoka amekasirika.

"Huyu mulimualika wenyewe. Mwenye nyumba tu njo anaweza kumutoa."

Akaenda zake. Bisimwa, hajalala, amechoka na kila mtu, akaupiga mlango teke.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Umekula, umelala. Fanya kazi ao toka!"

Tupa ikanyamaza. Wakatazamana, karibu wacheke.

Ndipo msumeno ulipoanza, taratibu kwanza, kama wa mtu anayepima mkono baada ya kukaa muda mrefu bila kazi, kisha kwa nguvu, ukapita kwenye fremu ya mlango, ukapanda ukutani, ukaingia darini, na unga ukawamwagikia vichwani huku boriti zikilia moja baada ya nyingine, mpaka wakakimbilia nje bila viatu.

Agent alikuwa anashuka kwenye gari.

"Sister, please, usiingie," Bisimwa alisema. "Not today."

Hakumsikiliza hata kidogo. Akagonga mlango.

Ndani, kwa sauti ya Bisimwa mwenyewe, mwenye nyumba mpya akajibu, "Karibu."