Asumini Kwenye Kopo la Vumbi

Saa tano na nusu asubuhi, Jumamosi, Bi Mwanamvua alifungua kijaluba chake akakuta kipini cha dhahabu cha marehemu mama yake hakimo. Adhuhuri haijaadhiniwa, mwizi alikuwa ameshatajwa: Dija, mtumishi kutoka Mkange. Baada ya alasiri ingesomwa Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi.

Mwinyijuma, sajenti mstaafu na mdogo wake Bi Mwanamvua, aliitwa kuitikia dua tu. Lakini mazoea yana tabu, akaanza kuuliza maswali.

"Shikamoo, mzee," alisema Dija. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Marahaba. Kisomo unakiogopa?"

"Sikiogopi. Ila kikishasomwa, mie ni mwizi mpaka kwetu. Nani atanipa kazi tena?"

"Usafi ulifanya saa ngapi?"

"Saa mbili. Sebule kwa mashine, chumba cha Bi Mkubwa kwa fagio. Hataki mashine ipite kwenye msala wake, anasema inanguruma vibaya. Saa tatu nikalimwaga kopo la mashine kama kawaida, nikaitundika, nikaenda sokoni."

Mashine yenyewe ilikuwa ukutani: ndefu, nyembamba, isiyo na waya, ya kufyonza vumbi. Ibrahimu, mwana pekee wa nyumba ile, alimletea mama yake zawadi. Mwinyijuma alilichomoa kopo lake akalipeleka dirishani. Hapakuwa na mchanga hata chembe. Palikuwa na asumini zilizokauka.

"Dada," aliita, "asumini unaweka wapi?"

"Ndani ya kijaluba, kipini kinukie. Kwingine siweki."

Basi mwizi aliharakisha, akamwaga asumini, akazizoa kwa mashine baada ya saa tatu. Bi Mwanamvua saa hizo alikuwa hitimani. Nyumbani walibaki wawili, Ibrahimu na mkewe Naila.

Naila hakuzungusha maneno. "Kipini kile nimekitamani miaka tisa, mjomba, sikufichi. Huvishwa wake wa nyumba hii, mimi sijavishwa hata siku moja."

"Ungemwaga kitu chumbani kwa mkweo, ungekizoa na nini?"

"Kwa fagio, si lipo nyuma ya mlango! Mashine humo marufuku."

Ibrahimu alikuwa barazani akichezea simu. Ana duka la vipuri Msata, na nusu ya wiki hulala huko.

"Ile zawadi mama yako kaipenda?" aliuliza mjomba wake.

"Sana! Kila nikimpigia anaisifu. Anasema chumba chake hakijapata kung'aa vile."

Mwinyijuma alimpenda kijana huyu, na alichokisikia kilimuuma.

Saa tisa alasiri aliwakusanya sebuleni, akaweka kopo mezani.

"Dada, mwanao anajua kuwa mashine haiingii chumbani kwako?"

Bi Mwanamvua aliona haya. "Hajui. Niliwakataza wasimwambie, asije akavunjika moyo."

"Dija anajua, Naila anajua. Yeyote kati yao angeshika fagio, na asumini zingeishia jaani. Mwizi aliyeingiza mashine mle alidhani huingia kila siku. Humu ndani asiyejua ni mmoja tu."

Ibrahimu alitoa kipini mfukoni, akakiweka kando ya kopo.

"Nimeoa mke mwingine Msata, mama. Mwaka wa pili huu. Akaniambia, 'Kama kweli mimi ni mke wa nyumba ile, nivishe kipini.' Sikuwa na uso wa kukuomba."

Naila aliinuka akatoka. Hakuna aliyethubutu kumwita.

"Na huyu ungeacha asomewe?" aliuliza Mwinyijuma, akimwonyesha Dija.

"Nilijua hatadhurika, si yeye aliyechukua."

"Kisomo kingekudhuru wewe!" Bi Mwanamvua alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Ningemsomea mwanangu kwa kinywa changu mwenyewe!"

Alilia, kisha akamgeukia Dija. "Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea."

Dija alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye furushi. Alijibu kwa adabu, bila kupandisha sauti.

"Nimekusamehe, Bi Mkubwa. Lakini mwanao huyu, mashine yake tu ulishindwa kumwambia huipendi, usije ukamuumiza. Mimi uliniita mwizi kabla hujaniuliza."

Akajitwika furushi, akawaaga mmoja mmoja, akaenda kutafuta gari la Mkange.