Chungu cha Saba cha Winfrida

Yoramu wa Marangu ni mtu wa kumwagilia maua? Yeye, aliyepanda mlima mara mia mbili na ushee, mzigo kichwani, akiwapita wageni njiani huku anamenya ndizi! Lakini jioni ile, mvua ya masika imekata kidogo na giza linaanza kuingia, ndiye aliyesimama kwenye baraza la shemeji yake, huko mtaa wa Rau, Moshi mjini, ndoo mkononi.

Shemeji mwenyewe ni Winfrida, mjane wa marehemu mdogo wake, Jesse. Alikwenda Tanga harusini siku tano, akamwomba Yoramu amlindie nyumba. Yoramu akakubali mbio. Televisheni ipo, nyama imejaa kwenye friji. Tena alijua maana yake: shemeji ameshamsamehe.

Kumsamehe nini? Subiri, tunafika.

Dirishani palikuwa na vyungu saba vya mimea yenye majani manene kama ndimi za ng'ombe. Kabla ya kuondoka, Winfrida alimwelekeza.

"Shemeji, hii si migomba. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, kikombe kimoja, shinani. Majani usiyaguse."

"Unanifundisha mimi maji? Mimi niliyekulia kwenye mfereji?"

"Kikombe kimoja, shemeji."

Basi akamwaga ndoo. Kila jioni, mpaka vyungu vinafurika. Winfrida akipiga simu, jibu ni lile lile: kikombe tu.

Jioni ya nne simu iliita. Yoramu akaiweka dirishani, sauti juu.

"Umeingiza kidole?"

"Kila siku, shemeji."

"Ingiza sasa. Chungu cha saba. Nakusikiliza."

Kidole kinasikika? Yoramu akacheka, akaingiza.

Udongo ulikuwa na joto. Joto la kinywa.

Akavuta.

Hakikutoka.

"Shemeji... kimenasa."

"Kimenasa, au kimeshikwa?"

Yoramu akakazana. Chungu cha kubebwa na mtoto, lakini hakikuinuka hata kidogo, utafikiri kimeota mizizi ukutani. Harufu ikapanda: majani ya migomba yaliyooza, na mbao mbichi. Mbao za jeneza.

"Umemwaga kikombe kimoja?" Winfrida alinong'ona.

"Kimoja, haki ya Mungu!"

Udongo ukameza kiganja.

"Ndoo! Ndoo, shemeji! Kila siku!"

"Huo ni udongo wa kihamba cha mume wangu, ulikonifukuza. Ukikauka, unaachia. Sasa wewe umeulowesha..."

Simu ikakwaruza. Ikazima.

Sasa tumefika. Jesse alizikwa nyumbani, katikati ya migomba, kama wazikwavyo watu wote wa kule. Matanga hayajaisha, Yoramu akakichukua kihamba, shamba la migomba alilobakia nalo mjane. Winfrida akaja na jani la isale, lile la kuombea radhi, ambalo Mchagga hata akiwa ameshika panga atalipokea na hasira itamwisha. Yoramu alilipokea kweli.

Akamlisha mbuzi.

Mkono ukazama hadi kiwiko. Na chungu kile, kina chake hakikuzidi shubiri moja!

Huko chini, kitu kikaanza kumfungua vidole. Taratibu. Kimoja... kimoja... Kama mtu anayetafuta ulichoficha kiganjani.

Kikafungua cha mwisho. Hakikukuta kitu.

Kikabana.

"Nilimpa mbuzi!" Yoramu alilia, paji la uso kwenye kioo cha dirisha. "Jani sinalo! Nisamehe! Kihamba nitamrudishia!"

Maji yalidondoka kutoka chungu cha sita. Tone... tone...

"Kesho," akanong'ona. "Kesho asubuhi, mbele ya ukoo."

Mkono ukaachiwa.

Asubuhi wazee wa ukoo waliitwa, na Winfrida akarudishiwa kihamba chake. Siku Winfrida alipohama Rau, Yoramu alimfuata mlangoni, mkono wa kulia mfukoni.

"Shemeji, niambie ukweli. Ulichota kaburini kwa Jesse?"

Winfrida akamtazama sana.

"Nilichota kwenye migomba tu, haraka haraka, nikiogopa utanikuta. Kihambani mle wamezikwa wengi, shemeji. Sijui nilichota kwa nani."

Kisha akamkabidhi chungu cha saba.

"Chukua. Mimi hakinijui."

Yoramu alijaribu kukitupa. Mara mbili. Siku hizi kiko kwenye dirisha la chumba alichopanga mtaa wa Pasua alipotoka kihambani, na tangu siku ile hajakitia hata tone. Jua linakichoma kutwa. Kilabuni, mbele ya mbege, pombe ya ndizi, anajisifu kama kawaida yake: "Kimekauka kile! Kikavu kama mfupa!"

"Umejuaje?" wanamuuliza.

Hapo Yoramu huinamia kata yake. Njia ya kujua ni moja tu, na anaijua.

Na kila jioni, giza likianza kuingia, anajikuta amesimama pale dirishani. Hakumbuki alivyoinuka kitandani.

Kidole kimenyooka.