Kufuli la Pipa la Pili

Maiti ya fundi mitambo ilikuwa imelazwa sakafuni kando ya pipa la kwanza, imetapakaa rojo la sabuni kuanzia nywele hadi viatu. Mtambo uliwashwa yeye akiwa ndani.

"Uzembe wake mwenyewe, Afande," alisema msimamizi wa kiwanda. "Anayeingia pipani hufunga swichi kwa kufuli lake, ufunguo anauvaa shingoni. Huyu kafunga swichi ya pipa la pili, kaingia la kwanza. Kasahau."

"Mume wangu hasahau!" Mjane alisimama mlangoni, macho makavu. "Msimzike na kosa lisilo lake."

Inspekta alisogea kando ya maiti. Alichuchumaa. Shati la marehemu lilikuwa rojo tupu, lakini kamba ya ufunguo iliyolala juu yake ilikuwa kavu, safi.

"Konstebo, piga picha. Kisha chukua alama za vidole, kwenye kufuli na ufunguo."

"Umeona nini, Afande?"

"Ufunguo huu kavishwa akiwa amekwisha kufa."

Mwendeshaji wa mtambo, mwanamume wa makamo, alihojiwa stoo.

"Nani aliwasha?"

"Mimi."

"Nani alifunga kufuli?"

Mwendeshaji aliduwaa, macho yakiukodolea ukuta.

"Mzee, chai umekunywa leo? Au hilo nalo limepotea?" Konstebo alicheka.

Kinywa cha mwendeshaji kilifunguka, neno halikutoka. Jasho lilimchuruzika. Inspekta alikuwa amewaona waongo wengi. Huyu hakutafuta uongo. Alikuwa kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango haupo.

"Konstebo, toka nje."

Alimsogezea maji, akangoja. Kungoja hakukumsumbua, nyumbani kwake hakukuwa na mtu wa kumtazamia.

"Alama zako zitakuwa kwenye ufunguo," alisema taratibu.

Mwendeshaji alikunywa maji yote.

"Mikono yake ilijaa grisi. Akasema, 'Nifungie, kaka.' Hairuhusiwi, kila mtu hufunga lake. Nikalipokea. Mara msimamizi akaanza kufoka, mbona kazi imelala! Mimi nikifokewa, Afande, kichwa kinazimika. Kidogo tu, kama kufumba na kufumbua. Nilipozinduka, kufuli lilikuwa kwenye swichi ya pipa la pili. Nikaamini fundi yuko pipa la pili. Nikawasha la kwanza."

"Na ufunguo?"

"Ulibaki mfukoni mwangu. Tulipomtoa, wenzangu wakakimbilia simu. Nikamvisha."

"Kwa nini? Ungesema ukweli, ingekuwa ajali."

"Hapa naitwa Kata-Umeme. Mchana wanakaa meza yao, wananiiga ninavyoduwaa, wanacheka hadi wanapaliwa. Miaka sita, fundi peke yake ndiye aliyebeba sahani yake akaja kula nami."

"Na yeye ndiye uliyemtwika kosa."

"Nilitaka, Afande..." Aliinamisha kichwa. "Nilitaka mara moja tu, aliyesahau awe mtu mwingine."

Inspekta aliandika, akamsomea, akampa atie saini. Kisha akashika kitasa cha mlango.

"Mjane yuko nje. Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Mimi."

Akasimama. Akaketi tena, viganja vikibana magoti.

"Nipe dakika moja. Naogopa nikimwona tu, hata jina la mumewe litanitoka kichwani."