Ganda la Thelathini

— Clémence, nini hiyo imeanguka mu unga?

Sauti ya Mama Suzanne haikuwa kubwa, lakini mikono ya wanawake wote jikoni ilisimama. Clémence, mkunga wa hospitali, alikuwa ameinama juu ya ungo wa unga wa muhogo, mwiko mkononi, kitambaa cha kichwani kimemlegea upande mmoja. Ilikuwa Jumatano, siku yake ya kusonga bugali mbele ya ukoo wa mchumba wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada ya nyumba ile: mwanamke haolewi humo mpaka mama mkwe amekula kutoka mkononi mwake. Harusi yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Clémence akatia vidole viwili ndani ya unga, akatoa kitu chembamba cha rangi ya shaba, kirefu kama kidole cha mwisho cha mtoto.

Lilikuwa ganda la risasi.

Shangazi Rebecca, dada wa marehemu mume wa Mama Suzanne, aliangusha sahani. Katika mji wa Bunia hakuna anayehitaji kuelezwa kitu kile ni nini, sembuse jamaa waliokimbia vita vya Djugu na godoro moja na Biblia iliyolowa mvua.

— Wametufikia, Rebecca akanong'ona. Wameiweka mu nyumba ili tujue iko zamu yetu.

— Hapana, shangazi. Hakuna mtu alileta, Clémence akajibu. Ni yangu.

— Yako? Yako namna gani? Weye muganga wa wazazi, iko yako namna gani?

Kabla hajajibu, simu yake ikalia juu ya meza. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Nathanaël, mchumba wake, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya mtaa wa Mbunya, ndiyo kwanza aingie kutoka kazini, na chaki ingali kwenye mkono wa shati lake. Akaichukua simu, akasoma jina, akakunja uso.

— Komanda Kule. Ni nani huyu?

— Bonyeza, tumusikie wote, Mama Suzanne akaamuru.

Sauti nzito ikajaa jikoni:

— Muganga Clémence! Iko wapi ganda yako ya makumi tatu? Ulipiga risasi makumi tatu, na mimi niko na maganda makumi mbili na tisa! Ulitia sainye mu buku mbele tuhesabu, ukakimbia kwa wakwe. Sasa watu kumi na wane wamepiga magoti mu nyasi wanaitafuta kama sindano. Bila hiyo ganda, hakuna mtu atapata karatasi ya formasyo, ya kumaliza mafunzo. Hakuna hata mmoja!

— Nimeipata, Komanda. Iliingia mu kitambaa changu. Kesho asubuhi nitaileta.

— Saa mbili kamili!

Simu ikakatika. Maji ya bugali yalikuwa yakichemka.

— Ulisema uko Bogoro, Nathanaël akatamka polepole. Ulisema unachanja watoto, siku tisa.

— Nilisema hivyo.

— Na haukuwa Bogoro.

— Nilikuwa mu uwanja wa polisi wa kufundishia, nyuma ya kilima. Wanafundisha polisi, waganga na madereva wa ambilansi. Kushika silaha, kuipiga, kuitoa risasi. Juu ya siku ya hatari.

Mama Suzanne akasimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini aliposimama hivyo mtu alijiona ameketi. Akalitwaa lile ganda kutoka kwenye vidole vya Clémence, akalifumba kiganjani.

— Mutoto, nisikie muzuri. Bunduki ilinichukulia bwana. Siku tulimuzika nilisema neno moja, na watu wote hapa wanalijua: mukono umefyatua bunduki hautasonga bugali mu nyumba yangu. Basi Jumamosi haiko tena. Na hii ganda itabaki kwangu, nikumbuke nilikuwa karibu kupumbazwa.

Clémence akamtazama Nathanaël. Alingoja neno moja tu, hata fupi, hata baya. Nathanaël alikuwa akiitazama chaki kwenye shati lake.

Basi Clémence akageuka, akalirudia jiko, maana bado alilihesabu kuwa lake. Akamimina unga katika maji, akasonga kwa nguvu za mabega yote mawili mpaka bugali ikashikamana na kung'aa. Akaipakua, akaifunika kwa sahani, akanawa mikono.

— Mimi nimefanya ya kwangu, mama. Mubaki muzuri.

Akatoka. Hakuna aliyeifunua.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, ujumbe wa Nathanaël ukaingia katika simu ya Clémence:

"Siku tisa nilikuombea kila asubuhi juu ya barabara ya Bogoro, gari lisianguke, watu wabaya wasikukute. Mungu alikuwa anamchunga nani huko?"

Clémence akacheka kidogo ingawa macho yalimwuma. Akaandika:

"Alinichunga mimi. Yeye hapotezwi na anwani mbaya."

"Usinitanie, Clémence. Sina ugomvi na bunduki. Nina ugomvi na uongo."

Akaketi kitandani, akaandika na kufuta mara tatu. Hatimaye akautuma:

"Nilikudanganya, na kwa hilo sina utetezi. Nilijua kiapo cha mama, nikaogopa kukupoteza kabla sijamaliza. Sasa jua sababu. Mwezi wa pili walituletea majeruhi, na bunduki yake wakailaza juu ya benchi, mdomo ukiwaelekea wanawake waliokuja kujifungua. Saa mbili nzima hakuna aliyejua kuigusa. Nilisimama katikati ya mdomo ule na wale wanawake, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya. Siku hiyo nikaamua kujifunza, na sijutii. Ila na wewe leo ulinyamaza, nami nilikuwa nimesimama peke yangu tena. Hilo nalo lipime."

Alama mbili zikaonyesha kuwa umesomwa. Clémence akasali sala yake ya moyo kwa maneno machache, kama alivyofundishwa na mama yake tangu utoto, akalala usingizi wa mtu aliyekwisha kusema kweli.

Asubuhi ya Alhamisi, saa mbili kasoro, alikuwa mbele ya Komanda Kule, mikono mitupu. Wanafunzi wenzake walikuwa wamepanga mstari, magoti ya suruali zao yana rangi ya majani.

— Muganga! akaita Dany, dereva wa ambilansi, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kwenye matanga. Jana tumekula nyasi kama mbuzi juu yako! Leta ganda, tuone kama ni ya dhahabu.

— Sina, Dany.

— Komanda, Clémence akasema, akasogea mbele ili wote wamsikie. Ganda iko kwa mama mukwe wangu, na amekataa kuitoa. Kosa ni langu. Nilitia sainye mbele ya kuhesabu juu nilikuwa na haraka ya kwenda kupika. Muninyime karatasi mimi peke yangu. Hawa wengine hawana kosa.

Komanda Kule akajikuna kidevu. Alikuwa amefundisha wanaume wengi waliotafuta wa kumsingizia kwa makosa madogo kuliko lile.

— Buku haijui kosa ya nani, akasema hatimaye. Buku inajua makumi tatu ao haijui kitu.

Ndipo pikipiki, ambayo Bunia huiita moto, ikaguruma langoni. Nyuma ya dereva alikuwa ameketi Mama Suzanne, amevaa kitenge chake cha kanisani, na nyuma yake Nathanaël, goti moja limechubuka, maana kwenye kona ya mwisho alikuwa ameshuka bila kupenda.

— Mkubwa ni nani hapa? Mama Suzanne akauliza.

— Ni mimi, mama. Unaleta ganda?

— Ganda iko hapa. Akagonga fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Lakini kwanza ninataka kuona munamufundisha nini huyu mutoto.

— Mama, hapa si sokoni. Kwanza ganda.

— Kwanza nione. Nimepanda moto na tension yangu hii ya damu, nirudi bila kuona?

Dany akajificha nyuma ya mwenzake ili acheke. Komanda akautazama ule mstari wake wa magoti ya kijani, akahesabu kimoyomoyo kipi kilikuwa rahisi zaidi.

— Leo hakuna risasi ya kweli, akasema. Leo ni mutihani ya mwisho, na silaha iko na risasi ya bandia tu. Simama pale kwa ukuta, mama.

Lakini Nathanaël hakwenda ukutani. Alichechemea hadi mbele ya Clémence, uso wake umekakamaa kwa hofu, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

— Mbele ya mutihani, niko na neno. Mama, na weye usikie. Jana nilinyamaza, na ilikuwa haya. Huyu akishinda ao akishindwa, ukikula bugali yake ao ukiikataa, mimi nitamuoa. Nakuheshimu, mama. Lakini sitanyamaza tena.

Clémence alihisi kitu kikifunguka kifuani mwake, lakini hakukiruhusu kifike usoni.

— Umemaliza, mwalimu?

— Nimemaliza.

— Basi toka mu njia. Nina mugonjwa.

Dany akalala juu ya machela akiugua kwa sauti ya kupita kiasi, bunduki imelazwa kifuani pake. Clémence akapiga goti ubavuni. Kwanza akamsemesha: jina lako nani, unaumwa wapi, nitatoa hii, usisogee. Kisha akaishika silaha kwa mikono miwili, vidole mbali na kifyatulio, akaugeuza mdomo wake kwenye viroba vya mchanga, na tangu hapo mdomo ule haukumpitia mtu yeyote. Akaitoa risasi zake za bandia. Akatazama ndani. Akatazama tena. Akamwonyesha mwenzake, naye akatazama. Akaifunga karatasi nyekundu, akaiweka juu kwenye rafu yake, ndipo akarudi kwa Dany na bandeji.

Ilikuwa kazi ya muda mfupi mno.

— Ni hiyo tu? Mama Suzanne akauliza.

— Ni hiyo, mama, akajibu Komanda Kule. Kupiga tunawafundisha kidogo, wasiogope kelele. Lakini hiyo ndiyo formasyo.

Mama Suzanne akaegemea ukuta. Alipoanza kusema, alikuwa akimwambia mwanawe, lakini wote walisikia.

— Baba yako hakufa mu vita. Watu wanasema vita. Na mimi nilisema vita, juu ni fupi kusema. Alikufa mu hospitali, kule kwetu. Alikuwa mu mustari, amenishikia karte yangu ya dawa. Walileta askari mwenye damu. Mutu mumoja akaona bunduki inafunga njia, akaivuta kwa mukanda aisogeze, risasi ikatoka. Mutu muzuri, unasikia? Alitaka kusaidia. Alilia kunishinda mimi. Hakujua tu.

Nathanaël akafunika mdomo.

— Haukuniambia hata siku moja.

— Ningekuambia nini? Adui unaweza kumuchukia, ukapata nguvu ya kupika na kulea. Ule mutu sikuweza kumuchukia. Nikachukia bunduki na kila mukono uliigusa.

Akamkaribia Clémence, akaitwaa mikono yake, akaigeuza juu chini kama anayekagua viazi.

— Kama kungekuwa na mumoja tu mu ile hospitali anajua hii kitu... Hakumaliza.

Akafungua fundo la kitenge. Ganda likang'aa juani. Hakumpa Clémence, alimpa Komanda Kule mwenyewe, mkononi.

— Andika.

— Andika weye, mama. Aliyeleta ndiye anatia sainye. Jina hapa, na hapa unasema weye ni nani.

Mama Suzanne akainama juu ya daftari. Aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma madarasa machache lakini akayasoma vizuri. Clémence, aliyekuwa karibu, akasoma jina, kisha neno la pili: MAMA MUKWE.

— Mama, Clémence akasema kwa sauti ndogo. Usiandike juu ya huruma. Ada ni ada. Bado haujakula kutoka mu mukono wangu.

Mama Suzanne akaifunika kalamu, akairudisha kwa Komanda.

— Nani amekuambia? Leo asubuhi mutoto huyu alinisomea yale maneno yako ya simu. Nikamuambia asome tena. Mara ya pili nilikuwa nimefunua ile sahani.

— Umekula?

— Yote. Akamwangalia juu hadi chini, na pembe ya mdomo wake ikasaliti kicheko. Ilikuwa baridi na ngumu kama jiwe. Jumamosi utanisongea ya moto.

Komanda Kule akagonga daftari.

— Makumi tatu! akatangaza, na mstari mzima ukapiga makofi.